Ijumaa ya Doha, Jumamosi ya Makwasinyi

Mama mmoja wa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, alifika kwangu Voi akilalamikia mgongo. Anasuka vikapu vya mkonge, anateka maji, analima, na mahindi yakikaribia kuiva hukesha na majirani kuwafukuza ndovu. Mgongo wake haukunishangaza. Kilichonishangaza ni neno alilolisema akiwa ameshashika mlango wa kutokea. "Daktari, mtoto ameniuliza kama baba yake ametuchoka." Nikamwomba arudi aketi.

Mumewe yuko Doha mwaka wa tatu sasa, anapakia mizigo kwenye ghala. Huingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kufanya saa nane za kawaida na mbili za ovataimu, siku sita kwa wiki. Ijumaa ni siku yake ya ofu, na Ijumaa ameiuza: akiitwa huenda, asipoitwa huuliza. Jumamosi usiku ndipo hupiga simu nyumbani. Anaanza kuuliza habari za mbuzi, na kabla hajajibiwa usingizi unamchukua huku simu ikiwa kifuani. Mama huwaambia watoto, "Baba amechoka." Mvulana wa miaka tisa alisikia neno lingine. Kati ya amechoka na ametuchoka kuna silabi moja tu, na mtoto aliyekaa miaka mitatu bila kumwona baba yake huiongeza mwenyewe.

Nimefanya kazi ya afya kazini kwa muda mrefu, na swali la wikendi huletwa kwangu kama swali la pesa. Basi tuanze na pesa, kwa sababu si ndogo. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara wa msingi Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na malazi na chakula. Ukigawanya kwa siku 30 unapata riyali 33 na ushei kwa siku. Sheria ya kazi ya huko, namba 14 ya 2004, inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na anayefanya kazi siku hiyo hustahili nyongeza isiyopungua asilimia 150. Hiyo ni riyali 50, kama shilingi 1,750 zetu. Ijumaa nne ni shilingi 7,000. Kwa nyumba iliyo chini ya mlima Kasigau, ambako mvua ikikosa mahindi hayavuki goti, shilingi 7,000 ni unga, sare za shule na deni la duka. Sitamwambia mtu yeyote kwamba hesabu hiyo ni ya kipuuzi.

Sheria hiyo inasema pia kwamba mfanyakazi asiyekuwa wa zamu asifanyishwe kazi zaidi ya Ijumaa mbili mfululizo. Lakini mtu anayejitolea mwenyewe kila wiki, nani atamhesabia?

Sasa kuna jambo la kalenda ambalo wazazi wengi walioko Ghuba hawajalitazama vizuri. Saa ya Doha na saa ya Makwasinyi ni moja, haipishani hata dakika. Ila wikendi zimepishana. Kule mapumziko ni Ijumaa, na wenye bahati huongezewa Jumamosi. Huku Ijumaa ni siku ya shule, na watoto hubaki nyumbani Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo baba akiwa huru watoto wako darasani, na watoto wakiwa huru baba yuko katikati ya maboksi. Hakuna aliyekosea, lakini nyumba nzima haina siku hata moja ya pamoja.

Dunia imewahi kulijaribu hili kwa makusudi. Mwaka 1929 serikali ya Muungano wa Kisovieti iliamua kwamba mashine zisisimame kamwe. Ikaifuta wiki ya siku saba na kuweka ya siku tano. Wafanyakazi wakagawanywa katika makundi matano, kila kundi na rangi yake, kila rangi na siku yake ya kupumzika. Kwa karatasi mpango ulikuwa wa ukarimu, kwani badala ya siku moja katika saba mtu alipata moja katika tano. Mapumziko yaliongezeka! Hata hivyo malalamiko yalikuja mapema, na yalitoka majumbani: mume ana rangi yake, mke ana rangi nyingine, watoto wako shule, na anayepumzika anapumzika na kuta. Mashine nazo zikaharibika kwa kukosa muda wa kutengenezwa. Kufikia 1931 mpango ulikuwa umeanza kuachwa, na mwaka 1940 wiki ya siku saba ikarudi pamoja na Jumapili yake.

Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeligusa jambo hili hata kabla ya hapo. Mkataba wake namba 14 wa mwaka 1921, unaohusu mapumziko ya kila wiki viwandani, hauishii kwenye saa 24. Unataka pia kwamba, kila inapowezekana, wafanyakazi wote wa mahali pamoja wapumzike kwa wakati mmoja, na katika siku ambazo mila ya nchi imezitambua. Sheria yetu ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Hizo ni idadi. Mkataba ule wa zamani ulikwenda mbali zaidi ya idadi, ukauliza mtu atapumzika na nani.

Yule mama alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nilipomchorea kalenda hiyo mezani akasema, "Kama Ijumaa watoto wako shule, basi si afadhali afanye kazi siku hiyo? Hamkosi mtu." Ni hoja nzuri, na wanaume wengi wa Ghuba huitumia. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe lilionekana zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwaka 1915.

Watu wa Kasigau wanaujua mwaka 1915 kwa sababu nyingine. Ndio mwaka ambao Waingereza, wakiwa vitani na Wajerumani waliovuka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, waliwashuku Wakasigau kuwa wamewasaidia adui, wakawang'oa mlimani na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa mbali na mlima wao mpaka miaka ya 1930. Mwaka huohuo, serikali ya Waingereza haohao iliunda kamati mjini London kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na moja ya maswali ya kwanza ya kamati hiyo lilikuwa kazi ya Jumapili. Mzee wa Makwasinyi anayekumbuka masimulizi ya babu zake ana haki ya kuumia kusikia kwamba waliosambaratisha jamii nzima walijua kuhesabu uchovu wa watu wao wenyewe. Hata mimi huumia. Lakini hesabu waliyoiacha ni ya kweli, nami naitumia.

Mwaka 2014 mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizifungua tena takwimu za kamati hiyo. Aliona kwamba mpaka karibu saa 49 kwa wiki, kazi iliyotoka ilikwenda sambamba na saa zilizofanywa. Kupita hapo kila saa ya ziada ilizaa kidogo kuliko iliyoitangulia, na waliofanya saa 70 hawakutoa kazi ya kuzidi sana waliofanya saa 56. Kukosa Jumapili kuliwaumiza kwa namna yake: uchovu wa wiki iliyopita uliingia nao katika wiki mpya.

Hesabu ya yule baba ni saa 60 kwa wiki, na akiongeza Ijumaa ya saa kumi zinakuwa 70 kamili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, uliotolewa Mei 2021, ulikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi kwao hupanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Nilimwambia mama yule mambo haya polepole, kwa sababu mumewe ana miaka 38 na baba yake mzazi aliondoka kwa kiharusi.

Kwa hiyo Ijumaa ikiuzwa, Jumamosi pia huondoka nayo. Kinachobaki cha Jumamosi usiku ni mwili ulioshika simu. Mtoto hakupata baba siku ya Ijumaa, hilo ni kweli, lakini Ijumaa ndiyo iliyokuwa imtengeneze baba wa Jumamosi.

Hapa nawasihi wazazi walioko mbali wanisikie, kwa sababu kinachowazuia wengi wao si tamaa ya pesa. Ni aibu. Mtu ameacha mke na watoto, amekopa nauli, amekuja kutafuta. Akikaa Ijumaa nzima bila kazi anajiona mwizi, kana kwamba kila saa anayojinyoosha ameichomoa mfukoni mwa mtoto. Mtu huyo hata akibaki kitandani hapumziki. Wanasaikolojia wa kazi, wakiongozwa na Sabine Sonnentag wa Ujerumani, wameonyesha kwamba nguvu hurudi mtu anapofanikiwa kuitoa kazi akilini, anapotulia, anapojifunza au kufanya kitu kinachomshughulisha kwa namna nyingine, na anapokuwa na uhuru wa kuamua saa zake ziende wapi. Kulala chali katika chumba cha watu wanane ukipekua simu na kukadiria ovataimu uliyoikosa hakukupi hata moja katika hayo.

Na Ijumaa ya Doha ina mengi yasiyo na gharama. Asubuhi mtu alale mpaka ashibe usingizi. Mkristo anaweza kwenda kwenye eneo la makanisa la Mesaimeer, ambako ibada kubwa hufanywa siku hiyo ya Ijumaa kwa sababu ndiyo waumini wanayoipata. Anayeuza Ijumaa ameuza na kanisa lake. Jioni ipo Corniche, njia ndefu ya kutembea kando ya bahari. Watoto wakati huo wako Makwasinyi darasani, au wanarudi njiani wakipiga mawe makopo. Saa hizo hazijaibwa kwa mtoto yeyote.

Sijasema lolote bado juu ya mwenye mgongo. Sheria zote nilizozitaja, ya Doha, ya Nairobi na ile ya 1921, hazimwoni. Hana mwajiri, kwa hiyo hana ofu. Jumapili yake ina kanisa asubuhi, maji mchana, mbuzi jioni, na kikapu mapajani mpaka usiku kwa sababu mnunuzi anakuja Jumatatu. Mume anapoamua peke yake kuuza Ijumaa, huwa ameamua pia kwamba mke ataendelea kulea kwa mikono miwili. Tulipokokotoa, tuliona kwamba nyongeza ya Ijumaa moja tu inatosha kumlipa kijana wa jirani achunge na kuteka maji Jumamosi nne, kuanzia mchana. Nilimshauri wazungumze hivyo: Ijumaa moja kwa mwezi ifanyiwe kazi kwa makubaliano ya wote wawili, na pesa yake imnunulie yeye alasiri zake. Tatu zilizobaki ni za baba, alale na atembee. Na simu ya watoto itoke usiku, ihamie Jumamosi saa saba, wakati wa chakula ghalani, dakika ishirini tu, watoto wakiwa macho.

Haya hayahusu Ghuba peke yake. Naona walinzi wa wanyamapori wanaolala kambini kwenye ranchi za ukanda wa Kasigau, nyumbani kwao wanakuona kwa macho kutoka kilimani, na bado watoto wao huwaona kama wageni. Naona wahudumu wa hoteli za Mombasa ambao wikendi ndiyo kazi yenyewe. Ofu yao ya Jumanne ina shida ileile ya Ijumaa ya Doha.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili kwa ajili ya mgongo, ambao haujapona, maana maji bado anabeba siku nyingine sita. Mazungumzo na mumewe hayakuwa rahisi. Alikasirika kwanza, akasema daktari halipi deni la nauli. Wiki ya tatu akakubali kujaribu.

Nilimuuliza simu ya saa saba ikoje. Akasema mara ya kwanza baba na mwana hawakuwa na la kusema. Mvulana aliiegemeza simu kwenye jiwe, akaendelea kutengeneza kigari chake cha waya. Baba akawa anatazama tu huku anakula wali. Baada ya muda akasema gurudumu la nyuma limepinda. Mtoto akaligeuza, akalileta karibu na simu, akauliza, "Hapa?"