Onyo Halizimwi, Hujibiwa: Utata wa Maana katika Lugha ya C

Mwanaisimu akikumbana na sentensi "Nimenunua mbuzi" hutambua mara moja kwamba ina utata: huenda aliyenunuliwa ni mnyama, au kilichonunuliwa ni kifaa cha kukunia nazi. Utata wa aina hii haumo katika lugha za wanadamu pekee. Umo pia katika C, lugha ambayo kwayo programu nyingi huria zimeandikwa.

C ilisanifishwa Marekani mwaka wa 1989, lakini usanifishaji huo uliacha mambo kadhaa yaamuliwe na kila aina ya tarakilishi. Mathalani, aina ya data iitwayo char, katika mfumo wa Linux, hubeba namba kuanzia -128 hadi 127 kwenye prosesa za Intel, na 0 hadi 255 kwenye zile za ARM. Sasa tuchukulie programu inayosoma faili herufi moja moja, ikihifadhi kila herufi katika char, na kukoma ipatapo alama ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni -1. Kwenye Intel, programu hukoma. Kwenye ARM, char haiwezi kubeba namba hasi. Kwa hivyo programu huzunguka bila kikomo. Kompaila, yaani programu inayofasiri msimbo kuwa lugha ya mashine, huonya kwamba jibu la ulinganisho huo halibadiliki kamwe.

Wapo wanaolizima onyo kwa kuilazimisha char ibebe namba hasi. Kompaila hunyamaza, ila kosa husalia: baiti yenye thamani ya 255 husomwa kama -1, na usomaji hukatizwa kabla ya mwisho. Kumbe hata kwenye Intel, ambako hapakuwa na onyo, kosa lilikuwapo! Tiba ni kutumia int, aina pana inayotosha thamani zote mbili.

Kunyamazisha onyo kuna gharama. Mwaka wa 2006, katika mradi wa Debian, mistari miwili ya OpenSSL iliondolewa ili kuzima maonyo ya Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu. Mmoja wa mistari hiyo ndio ulioingiza unasibu katika uundaji wa funguo za siri. Hadi kasoro hiyo ilipotangazwa Mei 2008, kilichotofautisha ufunguo mmoja na mwingine wa aina na ukubwa uleule kilikuwa namba ya mchakato, isiyozidi 32,768. Mvamizi angeweza kuzijaribu zote.

Onyo, basi, ni swali la msikilizaji makini: "Mbuzi yupi?" Msemaji mwungwana hamwambii anyamaze, humfafanulia.