Koti Huitii Kilti

Katika mavazi rasmi ya Waskoti kuna mkubwa na mdogo. Mkubwa ni kilti, nguo ya sufu yenye mistari ya tartani na marinda mazito nyuma, inayofungwa kiunoni na kukomea katikati ya goti. Mdogo ni koti. Kilti haipunguzwi ili ipatane na koti. Koti ndilo linalokatwa, linalofumuliwa, linalotolewa bitana na hata kuvuliwa kabisa, ili kilti ikae inavyostahili. Ukitaka kuiona desturi hii ikifanya kazi, watazame Waskoti kwenye joto.

Na siku hizi Waskoti wa kwenye joto ni wengi. Waipu, kaskazini mwa New Zealand, michezo yao ya jadi hufanyika kila Siku ya Mwaka Mpya tangu 1871, na Januari huko ni kiangazi. Walioanzisha makazi hayo walitoka nyanda za juu za Uskoti, wakakaa kwanza Nova Scotia, Kanada, kisha katika miaka ya 1850 wakavuka bahari tena pamoja na mchungaji wao, Norman McLeod. North Carolina, Marekani, ambako watu wa nyanda za juu walihamia tangu karne ya 18, koo hukusanyika kila Julai penye mlima uitwao Grandfather Mountain, katika michezo iliyoanza 1956. Hata kwetu wapo. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na wanaoishi Kenya wangali wakiikumbuka siku ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Kote huko swali ni lile lile: nguo iliyozaliwa kwenye ukungu na mvua ya milimani, mtu ataivaaje kwa heshima juani?

Jibu la haraka lingekuwa kuipunguza kilti. Lakini kilti rasmi ya mwanamume hula yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7, na ikishonwa kwa sufu nzito hufika kilo mbili hivi. Uzito huo una kazi. Ndio unaoyafanya marinda yaanguke wima mtu akisimama, yayumbe kwa mpangilio akitembea, na yarudi mahali pake akimaliza kucheza. Kilti nyepesi zipo, na wengi wa nchi za joto huzichagua, lakini ukizidi kuipunguza sufu na marinda, kinachobaki ni kitambaa kinachopeperuka. Tena sehemu ya chini ya vazi haina taabu kubwa ya joto, kwa kuwa hewa hupita. Joto lenyewe hukaa kifuani, kwapani na mgongoni, chini ya koti. Basi haki ni koti ndilo lipunguzwe.

Koti kuipisha kilti si jambo geni katika historia yao. Baada ya uasi uliovunjwa katika mapigano ya Culloden, Uskoti, mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya nyanda za juu. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1747. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na aliyerudia alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Marufuku ilidumu hadi 1782. Askari wa mfalme hawakuguswa na sheria hiyo, kwa hiyo kwa miaka 35 jeshi lilikuwa mahali ambapo mwanamume angeweza kuvaa kilti bila kuogopa jela. Na jeshi ndilo lililoipeleka kilti kwenye jua. Mwaka 1857 kikosi cha 93 cha Waskoti kilipigana Lucknow, India, askari wakiwa na kilti zao za sufu, lakini juu walivaa makoti mepesi ya rangi ya hudhurungi, yenye ukosi mwekundu, yaliyotayarishwa kwa safari ya China. Katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, makoti ya kaki ya askari wa kilti yalikatwa pembe za mbele kwa mviringo, na kilti yenyewe ikafunikwa kwa mbele na aproni ya kaki. Pale Magersfontein, tarehe 11 Desemba 1899, walilala kifudifudi kutwa nzima chini ya risasi, na jua likawaunguza nyuma ya magoti. Hivyo vilikuwa vita vya dola iliyotawala mataifa kwa nguvu, nasi wa Afrika hatuna sababu ya kuvipamba. Lakini mkato ule wa koti umebaki, na fundi wa leo anaurudia bila kujua kwamba ulipita juani na vitani.

Tuje sasa kwa fundi. Koti la kawaida la suti limekatwa kwa ajili ya suruali. Huteremka hadi kuyafunika makalio, nalo hufungwa kifungo karibu na kitovu na kuziba kila kilicho chini yake. Likivaliwa na kilti huharibu mambo matatu kwa pamoja. Huuficha mkoba wa ngozi uitwao sporani, unaoning'inia mbele takribani vidole vinne chini ya mkanda. Huyabana marinda nyuma. Na kwa kuwa kilti hufungwa juu, karibu na ubavu wa mwisho, koti refu humfanya mvaaji aonekane ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi.

Kazi huanza kwa kuchagua koti la kukata. Litafutwe lililokaa vizuri mabegani na kifuani, maana mabega ndiyo sehemu ngumu kurekebisha. Liwe la safu moja ya vifungo, na mifuko yake isiwe chini mno. Kisha mvaaji alivae juu ya kilti yake, mkanda na mkoba vikiwa mahali pake, ndipo fundi ashike chaki. Nyuma, pindo jipya lifunike kiuno cha kilti na kushuka kidogo juu ya marinda, basi. Mbele, mstari uanzie chini ya kifungo kinachofungwa, uende kwa mviringo kuelekea ubavuni, mkoba uonekane wote. Fundi mwenye busara hakati siku hiyo hiyo. Hupiga bandi kwanza, humwambia mtu aketi, ainame, anyanyue mikono, kisha hukata huku akiacha sentimita tatu au nne za kukunja ndani.

Baada ya mkasi huja kazi ya subira. Mifuko ya ndani hufupishwa isije ikachungulia chini ya pindo. Mpasuo wa nyuma, ambao sasa umebaki kipande kifupi, huzibwa. Mishono ya ubavuni huachiwa kidogo kwa chini, kwa sababu kilti hutanuka kuanzia nyonga, na koti linalobana hapo hupanda juu kila mtu anapoketi. Kile kitambaa kilichokatwa hakitupwi. Hugeuka vifuniko vya mifuko, au mapambo ya ncha za mikono, au vipande vya kufungia vifungo mabegani. Hapo ndipo koti linapoacha kuwa la suti na kuwa la kilti. Vifungo vya plastiki vikibadilishwa kwa vya pembe, kazi imefika.

Kwa ajili ya joto kuna hatua moja zaidi, nayo naiona ndiyo yenye ustadi kuliko zote: kutoa bitana. Bitana nyingi za makoti ya dukani ni poliesta, na poliesta haipitishi hewa vizuri. Fundi huifumua ile ya mgongoni na ubavuni, akaiacha ya mabegani na ya mikononi ili koti liteleze wakati wa kuvaa. Kitambaa kigumu kinachoshikilia kifua hakiguswi, ama sivyo koti litalegea. Mishono iliyobaki wazi ndani huvishwa utepe, mmoja mmoja, kwa sababu mtu akilivua koti lake mbele ya wageni, ndani nako kutaonekana. Kwa kitambaa, sufu nyembamba iliyofumwa kwa uwazi hupitisha hewa na kujinyoosha yenyewe. Kitani ni baridi zaidi, ila hujikunja, na mwenye kukichagua akubali mikunjo yake.

Pamoja na mkasi kuna adabu. Koti la jioni, lile liitwalo Prince Charlie, huvaliwa na kizibao cha vifungo vitatu na tai ya kipepeo. Jina lake linamkumbuka Charles Edward Stuart, kiongozi wa ule uasi uliovunjwa Culloden, aliyefariki 1788, ingawa mtindo wenyewe ulikuja muda mrefu baada yake. Koti la aina ya Argyll lina mifuko yenye vifuniko, nalo hufaa mchana kwa tai ndefu, hata bila kizibao. Kwa hiyo anayejua kwamba sherehe itakuwa ya jua hujiandaa mapema kwa kuchagua Argyll jepesi. Kwenye harusi, wageni wengi hungoja bwana harusi avue koti ndipo nao wavue. Ngoma zikianza, mwenye kizibao hubaki nacho, na bado amevaa rasmi. Kilti, mkoba na soksi ndefu havibadiliki tangu asubuhi hadi usiku.

Msomaji wa pwani ataielewa adabu hii bila kufundishwa. Avaaye kanzu na koti juu yake anajua kwamba kanzu ndiyo vazi, na koti ni heshima iliyoongezwa. Jua likizidi atalivua koti, na hakuna atakayesema amevua vazi lake.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodai kwamba kulikata koti ni kuidharau mila. Mila ya mavazi hudhoofika pale watu wanapoona vazi ni adhabu. Kijana aliyezirai kwa joto katika harusi ya dada yake hatatamani kuivaa tena kilti ya babu yake. Aliyeshonewa koti la kupumua ataivaa mwaka huu, mwaka ujao, na ataikabidhi kwa mwanawe ikiwa nzima, kwa sababu mkasi haukuigusa. Wanaoishi na desturi hii, wawe Waipu, North Carolina au Nairobi, wana jambo moja la kushika wanapokwenda kwa fundi: wasipeleke koti peke yake. Waende wamevaa kilti, wamefunga mkanda, mkoba uko mbele, na fundi aanze kupimia hapo.