Hukumu ya Montgomery na Rufani Yake

Wako watu wengi wadhanio kwamba aliyeshindwa katika kesi ya madai akikata rufani, basi mambo yote hurudi mwanzo: mashahidi huitwa tena, wakaapishwa tena, na kila neno likasikilizwa kama kwamba halikupata kusemwa. Sivyo. Tena wako wadhanio kwamba rufani humkinga aliyeshindwa mpaka siku itakapoamuliwa. Hilo nalo si kweli daima, na wako waliolijua kwa uchungu.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kesi moja ya Marekani, ambayo sisi wa kazi ya magazeti hatuwezi kuisahau. Tarehe 29 Machi 1960 gazeti la New York Times lilichapa tangazo la kulipiwa, ukurasa mzima, la kuomba fedha za kumtetea Martin Luther King na kuwasaidia wanafunzi weusi wa kusini. Tangazo lilikuwa na makosa. Lilisema King alikamatwa mara saba, kumbe ni mara nne. Lilisema wanafunzi wa chuo kimoja cha Montgomery walifungiwa chumba cha chakula kwa kufuli ili washindwe kwa njaa, wala jambo hilo halikutokea. Bwana L. B. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa Montgomery, hakutajwa jina hata mara moja. Hata hivyo alidai kwamba palipotajwa polisi palimaanisha yeye, akataka fidia ya dola 500,000. Wadaiwa walikuwa gazeti lenyewe na wachungaji wanne weusi wa Alabama, Abernathy, Shuttlesworth, Seay na Lowery, ambao majina yao yalitiwa katika tangazo. Nao walisema hawakuulizwa wala hawakutoa idhini.

Kesi ilisikilizwa Novemba 1960 mbele ya Jaji Walter Jones na juri la watu 12, wote wanaume, wote weupe. Msomaji wetu anawajua wazee wa baraza, ambao kazi yao ni kumshauri jaji, naye aweza kuyakataa mashauri yao. Juri si hivyo. Juri ndilo linaloamua mambo yaliyotokea, nani asadikiwe na nani asisadikiwe, na alipwe kiasi gani. Jaji kazi yake ni kuliambia juri sheria inasemaje. Kwa hiyo maneno machache ya jaji, kabla juri halijaingia faraghani, huweza kuwa na uzito kuliko mashahidi wote.

Ndivyo ilivyokuwa Montgomery. Jaji aliwaambia kwamba maneno ya tangazo ni kashfa kwa asili yake; kwa hiyo sheria ya Alabama ilichukulia kwamba ni ya uongo, kwamba yaliandikwa kwa nia mbaya, na kwamba mdai amepata hasara, bila yeye kuthibitisha hata senti moja. Lililobaki ni kuuliza kama wadaiwa ndio waliotangaza na kama maneno yalimhusu Sullivan. Mashahidi wake wenyewe walisema hawakuyasadiki maneno yale juu yake. Nakala za gazeti zilizofika Alabama nzima zilikuwa kama 394, na katika wilaya ya Montgomery kama 35 tu! Juri likarudi na dola 500,000 zote, pasipo kutenga iliyo fidia na iliyo adhabu.

Hapa ndipo twaomba msomaji atulie kidogo. Hukumu ya madai ikiisha kuandikwa ni deni, na mwenye deni aweza kulidai mara moja, isipokuwa aliyeshindwa aweke dhamana ya kuizuia wakati rufani inangojewa. Wachungaji watatoa wapi dhamana ya kiasi kile? Magari yao yakakamatwa, na rufani haijasikilizwa bado. Watu hawa hawakuandika tangazo, hawakulilipia, wala hawakujua limo majina yao.

Mahakama Kuu ya Alabama iliithibitisha hukumu tarehe 30 Agosti 1962. Ikabaki Washington. Katiba ya Marekani, katika badiliko lake la saba la mwaka 1791, yakataza mahakama kuyachunguza upya mambo yaliyoamuliwa na juri, isipokuwa kwa kufuata kanuni za sheria ya mapokeo ya Kiingereza. Mawakili wa Sullivan waliweza kuishika ngome hiyo. Lakini tarehe 9 Machi 1964 majaji wote tisa, kwa kauli iliyoandikwa na Jaji William Brennan, waliitengua hukumu. Walisema sheria yenyewe aliyopewa juri haikuwa sahihi: mtumishi wa umma hawezi kupata fidia kwa uongo ulioandikwa juu ya kazi yake, ila akithibitisha kwamba mwandishi alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli au si kweli. Kisha wakaupima ushahidi wenyewe kwa sheria hiyo, wakaona hautoshi. Kuupima hivyo, walisema, si kuvunja katazo la Katiba. Ni kuhakikisha kwamba sheria imetumika sawasawa.

Twapenda mno kuisoma kauli hiyo, hatufichi. Jaji Black alitaja kwamba huko Alabama lile gazeti lilikuwa limedaiwa na maofisa katika kesi nyingine 11, jumla dola 5,600,000. Sio gazeti lolote lingestahimili hayo.

Hata hivyo tangu juri lilipotamka mpaka Washington ilipotengua ni miaka mitatu na miezi minne. Gazeti lilikuwa na fedha na mawakili wa kungojea muda huo. Wachungaji wanne walingojea pamoja nalo, kwa haki ile ile ya rufani, nao walikwisha nyang'anywa magari.