TV Saba, Gemu Moja

Jumatano ya tarehe 29 Januari 2025 nilitimba kiwanja kimoja hapa Kijenge, Arusha, pua na mdomo na raundi ya Impala, mimi na masela wanne. Mchongo wa usiku huo ulikuwa mzito kinoma: UEFA, mechi 18, zote zinaanza saa 5 usiku kwa saa zetu. Man City walikuwa wanachungulia kaburi. Wasipomfunga Club Brugge, kwisha habari yao. Nikazama ndani, nikahesabu skrini, na ya bustanini juu yake: saba. Nikawaambia wanangu, leo tumefika.

Gemu ikaanza. Skrini saba, na zote saba ni PSV na Liverpool.

Dingi mwenye baa ni Majogoo wa kufa na kuzikana. Lakini mazee, Liverpool walikuwa wameshafuzu kitambo! Salah na Van Dijk hata ndege hawakupanda, kocha kapeleka madogo wakanyooshe miguu. Gemu isiyo na presha hata chembe ndiyo imekula ukuta mzima. Kwenye kundi letu kuna chalii mmoja City damu, akamwendea dada wa kaunta kwa adabu zote: "Dada, naomba tugeuzie japo ile ya pembeni, pale karibu na jiko la nyama." Dada akamwangalia kwa huruma. "Kaka yangu, nikigeuza hiyo zinageuka zote."

Chalii akaishia kuchungulia simu mpaka bando likakata, Brugge wakiwa mbele kwa moja. Kilichofuata tulikinyaka kwa kelele za baa ya jirani: moja, mbili, tatu. City kapindua, 3-1. Kwetu Liverpool kapigwa 3-2, dingi kanuna, na nusu ya meza wameshasepa na hela zao.

Sasa hiyo "zinageuka zote" ndiyo ugonjwa wa viwanja vingi vya Chuga. Mtu anashusha mpunga wa maana kwenye flati, anazipanga kama duka la Stendi Ndogo, halafu nyuma ya kaunta kuna king'amuzi kimoja na kijisanduku cha splita. Splita kazi yake ni kurudufu. Picha moja inaingia, zinatoka nane zilezile. Ukisikia mtu anajisifu ana TV nane, muulize ana ving'amuzi vingapi, maana king'amuzi kimoja kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja, hata ukikifunga kwenye TV mia.

Wiki mbili baadaye dingi akasanuka. Akaita fundi, chalii wa Kijenge Juu, nami nikajipa kazi ya kumshikia ngazi kwa ofa ya bia mbili. Kule bati la juu ndiko nilikopata shule. Madishi yalikuwa mawili, na kila moja lina lake. La Azam linatazama magharibi, kama linamsubiri mtu anayetoka Kisongo, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki. La DStv limelala chali kama sinia la pilau. Setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, na Arusha tumekaa kwenye nyuzi 36 na ushee, si mbali na ikweta. Ina maana iko utosini kwetu kabisa! Miaka yote nilijua dishi la vile limeangushwa na upepo wa Meru.

"Hapa ndipo wengi wanapochemka," fundi akasema, akinionyesha LNB, lile jicho la dishi. Lilikuwa na tundu moja. Ukipasua waya wake kwa ving'amuzi viwili, kimoja kinarusha volti 13 juu kikitaka mawimbi ya wima, kingine kinarusha volti 18 kikitaka ya mlalo. Ni kama makonda wawili wa vifodi wanaomvuta abiria mmoja pale Kilombero: mmoja lazima abaki na shati tu. Akaling'oa, akaweka la matundu manne, kila king'amuzi kikapata njia yake.

Chini kaunta ndipo mashine yenyewe ikaingia: matriksi, matundu manne ya kuingilia, manane ya kutokea. Nyuma ni msitu wa waya, mbele ni vitufe tu. Skrini ya tano inataka king'amuzi cha pili? Bonyeza, imekwenda. Skrini nyingine hazina habari. Fundi alivyonielewesha nilielewa hapohapo: ni stendi, gari lolote linapelekwa njia yoyote.

Usidhani ilikuwa mteremko. Skrini ya bustanini iko kama mita 25 kutoka kaunta, na waya wa HDMI ukishapita mita kumi na kitu unaanza kuleta za kuleta, picha inakuja na kukata. Ikabidi avute Cat6, ule waya wa mtandao, na kijisanduku kila upande. Kisha ile flati ya zamani ya chooni, nyeusi tii. Picha za ving'amuzi zinasafiri zimefungwa kufuli dhidi ya wezi, na TV lazima ijitambulishe kabla haijafunguliwa. Hiyo ya chooni haikujitambulisha ng'o. Halafu kuna skrini moja mbovu iliyokuwa inawashushia wenzake kiwango, maana mashine ilikuwa inapiga hesabu kwa mnyonge wao ili wote waende sawa. Fundi akaipangia kiwango chake peke yake, nyingine zikang'aa.

Kichekesho kilikuwa rimoti. Ving'amuzi vitatu vya kampuni moja vimepangwa pamoja, dada akabonyeza chaneli moja, vyote vitatu vikahama. Kumbe rimoti ni moja, lugha ni moja! Dawa yake ilikuwa selotepu nyeusi: viwili vikazibwa macho, ukitaka kimoja unakibandua kwanza. Teknolojia ya mamilioni inaokolewa na selotepu ya jero.

Sauti nayo ni siasa. Picha zinaweza kuwa nne, spika zinaimba wimbo mmoja. Fundi alipouliza sauti ifuate gemu ipi, dada wa kaunta akajibu kabla ya bosi: "Inayonywa zaidi." Mimi nilimpa tano.

Gharama? Ving'amuzi vinne ni malipo manne kila mwezi, tena kifurushi cha biashara. Cha nyumbani ukikifungia baa unajitafutia kesi. Dingi aliguna, ila tayari ana hesabu zake. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na uwanja wa pale Olmoti umepangwa kubeba watu 30,000. Wasiopata tiketi watakaa wapi? Na mechi za mwisho za kundi huwa zinapigwa kwa wakati mmoja, huwezi kuonyesha moja ukasema umemaliza. Sheria hiyo chanzo chake ni Gijón, Hispania, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1982. Algeria walishamaliza mechi zao za kundi, kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia wakijua kabisa matokeo gani yanawabeba wote wawili. Ujerumani wakapata kimoja mapema, kisha wakapasiana mpaka filimbi, Waalgeria wakarudi nyumbani. Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi hizo kupishana ikawa marufuku, lazima zianze pamoja. Baa ya TV saba na splita moja itakuonyesha nusu tu ya hukumu.

Siku ya Simba na Yanga mashine yote hiyo haina kazi. Skrini nane, gemu moja, na ole wake anayeomba kugeuziwa.

Siku nyingine dili liko skrini ya nane, ile ndogo ya jikoni. Mama wa jikoni alimwomba fundi kimyakimya, akapewa tundu lake, kazi yake ni tamthilia tu. Jumamosi iliyopita Arsenal wanacheza, mimi na yule chalii wa City tukaenda kufuatilia mishkaki yetu. Dakika ishirini zikakatika tumesimama pale mlangoni.

"Mama, huyu bwana si alikuwa amekufa?"

"Kaa chini, baba, nikueleze."

Tukavuta kreti.