Mizizi Nayo Hupumua: Jinsi ya Kuuhuisha Mwaridi Unaodhoofika

Mmea unaponyauka, mwenye bustani huuona kuwa una kiu, na jambo la kwanza analolitenda ni kuumwagilia maji. Mara nyingi huwa hakukosea. Lakini ipo hali ambayo mmea hunyauka ilhali mizizi yake imezungukwa na maji tele, na kila ndoo inayoongezwa huukaribisha zaidi na kifo. Ni muhimu kuitambua hali hiyo, hasa mahali ambapo maji ya kiangazi huchotwa mbali na kubebwa kichwani.

Uchukuliwe mfano wa mwaridi uliopandwa mbele ya nyumba huko Kidete, wilayani Kilosa. Kidete iko kwenye Reli ya Kati, katika bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe. Mto huo hujulikana kwa mafuriko: yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa vibaya reli katika sehemu hiyo. Kila maji ya mafuriko yanapopungua, huacha nyuma tabaka la tope laini. Udongo wa namna hiyo huwa na rutuba, lakini chembe zake ni ndogo mno. Chembe ya mchanga huweza kufikia upana wa milimita 2, ilhali chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Chembe ndogo hushikamana, na nafasi zilizo baina yake huwa finyu. Maji yakiingia humo hukawia kutoka, na mahali penye maji hapana hewa.

Mizizi na hewa

Wanafunzi hufundishwa kwamba majani hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Jambo linalosahaulika ni kwamba mizizi haipati nuru hiyo. Hupokea sukari kutoka kwenye majani, kisha huiunguza kwa oksijeni ili kupata nguvu, kama zifanyavyo seli za mwanadamu. Oksijeni hiyo hutoka katika hewa iliyomo udongoni. Nafasi za udongo zikijaa maji, oksijeni hupita kwa shida, kwani katika maji husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko katika hewa.

Pasipo oksijeni, seli ya mzizi hulazimika kuichachusha sukari. Kwa njia hiyo molekuli moja ya glukosi hutoa molekuli 2 tu za ATP, yaani kichukuzi cha nguvu ndani ya seli, badala ya 30 hivi zinazopatikana kwa oksijeni. Mzizi ulioishiwa nguvu hauwezi kufyonza madini ipasavyo, na hata maji hupenya kwa shida katika seli zake. Vinyweleo vyake hufa, na kuvu wanaopenda unyevu huanza kuuozesha. Hapo majani hunyauka, kwa kuwa yanapoteza maji kwa jua pasipo kuletewa mengine.

Majani ya chini nayo hugeuka manjano. Katika udongo usio na hewa, bakteria fulani huchukua oksijeni iliyomo katika naitreti, na naitrojeni hutoroka ikiwa gesi. Mmea hukosa naitrojeni, nao huiondoa katika majani ya zamani ili kuyalisha machipukizi.

Huenda msomaji akauliza: mbona mpunga, ambao hulimwa sana wilayani Kilosa, hustawi majini? Jibu ni kwamba mpunga una mianya ya hewa inayoanzia kwenye majani na shina hadi mizizini. Mikoko ya pwani nayo hutoa mizizi inayochungulia juu ya tope ili kuvuta hewa. Mwaridi hauna chombo cha namna hiyo.

Makosa matatu ya kawaida

Mwenye bustani aonapo majani ya manjano hutenda mambo matatu kwa nia njema. Kwanza, huongeza maji, na hivyo hufukuza hewa iliyobaki. Pili, huweka samadi mbichi au mbolea nyingi ya chumvichumvi. Chumvi ikizidi katika maji ya udongo, maji hutoka ndani ya mzizi kwenda nje kwa osmosisi, na mizizi huungua. Tatu, hurundika udongo kuzunguka shina ili kulitegemeza, na kwa kufanya hivyo huizika mizizi mbali zaidi na hewa, na kuifunika kwa udongo mbichi shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi. Gome la shingo likikaa katika unyevu huoza upesi.

Kosa hilo la kina halipatikani katika nchi za joto peke yake. Watunzaji bustani wa Ulaya na China hupanda ua liitwalo peoni, ambalo machipukizi yake hukaa chini kidogo ya uso wa udongo. Yakifunikwa kwa zaidi ya sentimeta 5 hivi, mmea huweza kutoa majani miaka mingi bila kutoa ua. Peoni huhitaji pia baridi kali ya majuma kadhaa, na kwa hiyo si mmea wa Kidete.

Uchunguzi kabla ya tiba

Kabla ya kutoa tiba yafaa kuchimba na kutazama. Udongo ufukuliwe taratibu upande mmoja wa mmea. Mizizi myembamba iliyo hai huwa myeupe au ya rangi ya maziwa, nayo ni imara. Iliyooza huwa ya kahawia au nyeusi, hunuka, na ganda lake huchomoka ikivutwa. Kama mizizi ni mizima na udongo ni mkavu, basi ni kiu kweli, na maji ndiyo dawa.

Upimaji wa pili ni wa udongo wenyewe. Karibu na mmea lichimbwe shimo lenye upana na kina cha sentimeta 30. Lijazwe maji, yaachwe yaishe, kisha lijazwe tena na kupimwa kwa rula. Maji yakishuka chini ya sentimeta 2.5 kwa saa, udongo hautoi maji vizuri.

Tiba

Udongo uliorundikwa uondolewe mpaka shingo ionekane. Mizizi iliyooza ikatwe kwa kisu safi. Kama imepungua sana, matawi makavu na dhaifu yapogolewe pia, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kuyanywesha majani mengi. Kama maji hayatoki, mmea uhamishiwe kwenye tuta lililoinuliwa sentimeta 20 hadi 30, lenye udongo uliochanganywa na mboji iliyokwisha kuoza. Mboji huzifunganisha chembe ndogo ziwe mabonge madogo, na baina ya mabonge hayo hewa hupita.

Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimeta 5 hadi 8 yazuie jua lisikaushe tuta, lakini yasiguse shina. Mbolea isubiri hadi machipukizi mapya yatokee. Maji yatolewe asubuhi, na pale tu kidole kinapokuta ukavu kwenye kina cha sentimeta 5. Lita 1 katika meta 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Ndoo ya lita 20 ni mvua ya milimita 20. Tuta dogo halihitaji mvua ya namna hiyo kila jioni.

Hata baada ya tiba, mwaridi wa Kidete hautafanana na ule wa Arusha au wa Naivasha, nchini Kenya, ambako mwinuko huleta usiku wenye baridi. Penye joto, mmea hutumia sukari nyingi zaidi kwa kupumua. Kivuli cha alasiri huusaidia.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kulithibitisha jambo hili kwa makopo manne yenye udongo wa aina moja: mawili yatobolewe chini, mawili yasitobolewe. Mahindi yapandwe katika kopo moja la kila aina, na mpunga katika lile jingine. Miche ikishaota, makopo yasiyotobolewa yadumishwe yakiwa yamejaa maji, na yale mengine yapewe maji ya kiasi. Kila kitu kingine kiwe sawa. Baada ya majuma mawili au matatu wanafunzi walinganishe rangi ya majani, kisha wang'oe miche na kuitazama mizizi. Watakaoliona hilo kwa macho yao hawatakimbilia ndoo kila mmea unaponyauka, watachimba kwanza.