Miaka Miwili Ugenini Nikiitwa ‘Mzee’

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Methali hiyo niliikariri shuleni kama wanafunzi wengine, lakini maana yake niliionja nikiwa kijana wa miaka 19 katika mji wa Kumasi, nchini Ghana, nimevaa shati jeupe na tai, na kifuani kibandiko cheusi chenye jina langu.

Nilikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Kanisa hilo liliandikishwa rasmi hapa Kenya mwaka wa 1991, na mnamo Mei 2025 hekalu lake la kwanza nchini liliwekwa wakfu jijini Nairobi. Wasomaji wengi wamewaona vijana wake wakitembea wawili wawili mitaani, mara nyingi Wazungu, wakadhani kazi hiyo ni ya Wazungu peke yao. La hasha! Vijana wa Kenya pia hutumwa, wala hawachagui waendako. Barua huja ikitaja nchi. Yangu, mwaka wa 2016, ilitaja Ghana.

Baba hakupendezwa hata kidogo. Mimi ni kifungua mimba wake, naye alikuwa amekwisha nitafutia nafasi katika chuo cha ufundi. “Wenzako huenda ng’ambo kutafuta, wewe waenda kupoteza,” aliniambia. Mama alinyamaza. Ni nyanya aliyenishika mkono akanitemea mate ya baraka, jinsi wazee wetu wa Ukambani wafanyavyo, akasema, “Nenda, mwanangu. Utanikuta.”

SIKU ILIVYOKWENDA

Mvulana hutumika miaka miwili, msichana miezi 18. Kila mvulana huitwa ‘Elder’, neno ambalo kanisa hilo hulitafsiri kwa Kiswahili ‘Mzee’. Hebu fikiria, msomaji, kijana asiye na ndevu kuitwa Mzee mbele ya wazee wenye mvi zao!

Tuliamka saa kumi na mbili unusu alfajiri. Tulinyoosha viungo, tukala, tukasoma maandiko, na kufikia saa nne tulikuwa njiani. Tulirudi saa tatu usiku, na saa nne unusu taa zikazimwa. Hapakuwa na sinema wala mchumba. Mwenzi uliyepangiwa huachani naye ila mmoja anapoingia msalani. Siku moja kwa wiki tulipewa nafasi ya kufua nguo, kwenda soko kuu la Kejetia, na kuandika barua pepe nyumbani. Simu ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sheria hiyo ililegezwa Februari 2019, na sasa vijana wanaweza kuzungumza na wazazi kila wiki.

Mwenzi wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani kutoka jimbo la Utah. Watoto walimfuata wakiimba “Obroni! Obroni!”, yaani Mzungu. Mimi hakuna aliyenitazama mara mbili, hadi nilipofungua kinywa. Mama mmoja muuza ndizi alinisemesha kwa Kitwi, nami nikamjibu kwa Kiingereza. Alikunja uso akidhani mimi ni Mwashanti mwenye maringo, niliyeona haya kusema lugha ya mama yangu. Yule Mzungu akajitosa na Kitwi chake cha kubabaisha, na wauzaji wote wakaangua kicheko, wakampa ndizi za bure. Mgeni mweusi miongoni mwa weusi ana mzigo wake. Ugeni wake hauonekani, kwa hivyo hasamehewi.

MAJI KWANZA, NENO BAADAYE

Waashanti ni watu wa adabu. Ukiingia nyumbani huulizwi shida yako. Kwanza utapewa kiti, halafu maji ya kunywa, ndipo mwenye nyumba atakapouliza ‘amanneɛ’, yaani habari iliyokuleta. Ukikuta watu wengi wameketi, wasalimie kwa kuwapa mkono mmoja mmoja, ukianzia kulia kwako. Na mkono wa kushoto usimpe mtu kitu, kama vile ilivyo kwetu pwani.

Majina yao yalinifurahisha. Mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, na jina la Kwame Nkrumah ni la Jumamosi. Nilipowaeleza kwamba kwetu Kioko ni mzaliwa wa asubuhi na Mutuku ni wa usiku, walipiga makofi, wakasema basi sisi ni ndugu tuliopotezana njiani.

Chakula kilinipa taabu kidogo. Fufu ni laini kuliko ugali, humezwa bila kutafunwa. Mkamba aliyelelewa kwa muthokoi, ambao usipoutafuna haushuki, alihitaji mwezi mzima kujifunza. Lakini kilichoniuma zaidi ni chai. Kanisa hilo hukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mkenya bila chai! Mvinyo wa mnazi niliukataa bila shida, lakini harufu ya chai ya asubuhi ilinikumbusha nyumbani kila siku.

Mzee mmoja tuliyemzoea, fundi wa kushona, aliniuliza swali ambalo nilijua litakuja. “Je, si kweli kwamba kanisa lenu lilimnyima mtu mweusi ukuhani?” Ni kweli. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 1978. Nilimwambia pia kwamba mwaka wa 2013 kanisa lenyewe lilizikana sababu zote za kale zilizotolewa kuihalalisha. Hakuniachilia. “Sababu wamezikana,” alisema, “lakini je, wametaja iliyo ya kweli?” Sikuwa na jibu, wala sikumtungia.

Yeye ndiye aliyeendelea. Alinisimulia habari za Joseph William Billy Johnson, Mghana aliyeanza kukihubiri Kitabu cha Mormoni huko Cape Coast mwaka wa 1964, kabla ya mmisionari yeyote kufika, akangoja miaka 14 kubatizwa. Akanisimulia pia kwamba Juni 1989 serikali ya Ghana ililipiga kanisa hilo marufuku, na waumini wakasali majumbani hadi Novemba 1990. “Watu hao hawakuletewa dini na Mzungu,” alisema. “Waliitafuta wenyewe, wakafungiwa mlango, wakangoja.” Hakubatizwa, lakini suruali zetu alizitia viraka hadi siku niliyoondoka.

MSIBA

Jumamosi ni siku ya mazishi kwa Waashanti. Mji mzima huvaa nyeusi na nyekundu. Tulialikwa mara nyingi, tukaketi na wafiwa tusiowajua.

Mwezi wangu wa kumi na saba niliitwa na rais wa misheni, akaniambia nyanya amefariki. Kwa desturi mmisionari harudi nyumbani kuzika. Niliruhusiwa simu moja. Baba alipokea, tukakaa kimya sote wawili. Kisha akasema, “Aliulizia habari zako hadi mwisho. Maliza ulichoanza.” Ni yeye aliyekuwa amenikataza.

Jumamosi iliyofuata yule fundi alikuja na wazee watatu waliovaa nguo za msiba. Waliketi nami kutwa, kwa ajili ya bikizee wa Ukambani ambaye hawakupata kumwona.

Nilirudi Kenya mwaka wa 2018. Wengine huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida, na ni watu wangapi niliowabatiza. Hesabu hiyo ni ndogo. Ninachokijua ni kwamba nilitumwa kufundisha, nami nikafundishwa.

Basi, msomaji, vijana hao wawili wakibisha hodi kwako kesho, hulazimiki kuyakubali mafundisho yao. Waulize maswali magumu, ni haki yako. Lakini jua ni kali, nao wana mama zao mbali. Wape maji kwanza.