Kinena Kikiuma, Tufanye Mazoezi



Katika vijiji vyetu vya Iramba, Ikungi na Manyoni, vijana hucheza mpira jioni baada ya kazi. Wengine huumia kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo. Wakipumzika, maumivu yanapoa. Wakirudi uwanjani, yanarudi. Miezi inapita, na hata kulima kunakuwa shida.

Sababu ni nini? Misuli ya ndani ya paja imeshikana na mfupa wa kinena. Tunapopiga mpira kwa nguvu au kugeuka ghafla, misuli hiyo huvutwa. Ikivutwa mno kila siku, pale iliposhika panaumia. Kupumzika tu hakuipi misuli nguvu.

Wengi wetu hukimbilia kuchua. Je, kuchua kunatosha? Madaktari wa nchi ya Denmark walilipima jambo hili, wakatangaza matokeo mwaka 1999. Wanamichezo 59 walimaliza matibabu katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu. La pili lilichuliwa, likanyooshwa misuli na kutibiwa kwa mashine. Waliorudi michezoni bila maumivu ni 23 wa mazoezi, na 4 tu wa kuchuliwa.

Zoezi la kwanza ni hili:

1. Lala chali, kunja magoti.
2. Weka mpira kati ya magoti. Hata wa matambara unafaa.
3. Ubane kwa nguvu, ukihesabu polepole hadi 30.
4. Achia, pumzika kidogo. Rudia mara 10.

Fanya hivyo siku 3 kwa wiki. Baada ya wiki 2, ongeza kulala ubavu na kuinua mguu, tena kusimama kwa mguu mmoja. Maumivu yakizidi, punguza nguvu.

Wale wa Denmark waliendelea wiki 8 hadi 12, na mpira waliuacha kwanza. Kuendesha baiskeli kunaruhusiwa, mradi hakuumizi. Basi, tuwe na subira.

Lakini tahadhari! Ukiona uvimbe kinenani unaotokeza ukikohoa, huenda ni ngiri. Ngiri haiponi kwa mazoezi. Ukiwa na homa, au korodani ikiuma ghafla, nenda hospitali mara moja.

Nanyi walimu wa timu, msimrudishe uwanjani mchezaji anayechechemea. Mechi moja isimharibie msimu mzima, wa mpira na wa kilimo.